Mafunzo Manane Niliyopata kwa Mayai

Nilipostaafu ualimu na kurudi kijijini mkoani Singida, nilihitaji kitu cha kunitoa kitandani asubuhi. Wenzangu walichagua nyuki, wengine bustani, na mmoja alirudia manati ya utotoni akawa anashindana na wajukuu kulenga makopo. Mimi nilichagua mayai. Singida ni mkoa wa alizeti na kuku wa kienyeji, na kuku wake husafirishwa hadi Dar es Salaam, hivyo nilidhani ufundi huu ungenijia wenyewe kwa kuzaliwa tu huku. Nikanunua mashine ya kutotoleshea, nikaiweka chumba cha nyuma, nikaanza kujiita mfugaji kabla sijawa na kifaranga.

Najua wewe hutaki vifaranga wawili watatu wa kuchezea uani. Unataka banda lililojaa. Vizuri. Haya niliyalipia mimi, wewe yachukue bure.

1. Anza na jogoo

Trei zangu za kwanza nilizinunua kwa muuza mayai wa mjini. Nilichagua makubwa, safi, yanayolingana, nikayapanga kwa mbwembwe. Wiki ilipopita niliingia gizani na tochi, nikayamulika moja moja. Yai lenye uhai, kufikia siku ya 7, huonyesha mishipa myembamba ya damu iliyotawanyika kutoka kwenye nukta nyeusi. Yangu yote yalikuwa angavu. Muda wote ule nilikuwa napasha moto chipsi mayai.

Kuku wa kisasa wa mayai hutaga bila jogoo, na yai lisilo na mbegu halina cha kutotoa hata ulipe joto la namna gani. Kwa kuku wa kienyeji, jogoo mmoja kwa matetea kama kumi anatosha. Lililonishangaza ni kwamba tetea huhifadhi mbegu ya jogoo mwilini, akaendelea kutaga mayai yenye uhai kwa wiki mbili au zaidi baada ya jogoo kuondoka. Kwa hiyo ukibadilisha jogoo ili ndugu wasizaane bandani, subiri kama wiki tatu kabla ya kukusanya mayai ya uzao mpya. Ukiwa na pupa utatotolesha watoto wa jogoo uliyekwisha kumla kwa ugali.

2. Usilioshe yai

Mke wangu alinikuta nikisugua mayai kwa sabuni ya unga, akaniuliza kama nitayapiga pasi pia. Nilimjibu kisomi kuhusu usafi. Siku si nyingi baadaye yai moja lilipasuka ndani ya mashine, na harufu ikatuhamisha upande ule wa nyumba.

Ganda la yai lina vitundu vidogo kwa maelfu, na yai linapotagwa huja na utando mwembamba unaozuia vijidudu kupenya. Ukiliosha, utando unaondoka na uchafu unapata njia ya kuingia. Dawa ya yai chafu iko kwenye kiota: nyasi kavu zinazobadilishwa mara kwa mara, na mayai kuokotwa kila siku. Lililochafuka sana usilitie kwenye mashine. Mazuri yahifadhi mahali penye ubaridi, ncha nyembamba ikitazama chini, na yasizidi siku 7. Zaidi ya hapo uwezo wake wa kutotoa hushuka kadiri siku zinavyopita.

3. Kipimajoto nacho kipimwe

Msimu mmoja vifaranga wangu waliwahi kutoka kabla ya siku ya 21, nikawasifu kwa bidii. Kumbe walikuwa wamekimbizwa. Walikuwa dhaifu, na baadhi yao vitovu vilikuwa havijafunga. Nilichukua kipimajoto cha homa, nikakilinganisha na kile cha mashine, nikagundua kwamba cha mashine kilikuwa kinasoma chini ya ukweli. Nilikuwa nimeyachemsha mayai yangu kwa utaratibu mzuri kabisa, nikiandika kila kitu daftarini.

Mashine yenye feni inahitaji nyuzi 37.5 za Selsiasi. Isiyo na feni inahitaji juu kidogo, kama 38.5 hadi 39, ukipima usawa wa sehemu ya juu ya mayai, maana hewa ya moto hupanda na ya chini hubaki baridi. Watotoleshaji wa Misri walitumia tanuri za matofali ya udongo karne nyingi kabla ya kipimajoto kubuniwa. Waligusisha yai kwenye kope la jicho, na ngozi ile nyembamba ikawapa jibu. Sisi tusio na kope za Wamisri tuwe na vipimajoto viwili.

Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba joto la kuzidi huua upesi kuliko ubaridi wa muda. Umeme ukikatika kwa saa kadhaa, tulia. Usifungue mashine. Ifunike blanketi bila kuziba matundu ya hewa, na umeme ukichelewa kurudi weka chupa za maji ya moto ndani yake. Tetea mwenyewe huondoka kiotani kila siku kwenda kula na kunywa, na mayai yake hayafi. Lakini nyuzi zikipanda kupita 40 zikakaa huko, hakuna blanketi litakalokuokoa.

4. Yai linapumua

Mwezi wa saba Singida ina baridi na upepo mkali. Ili kutunza joto niliziba matundu ya mashine kwa vitambaa, nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi. Siku ya 21 ikafika kimya, na ya 22 pia. Nilipovunja mayai nilikuta vifaranga kamili, wenye manyoya na midomo, wamekufa ndani ya ganda. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko hasara zangu zote, kwa sababu kazi ilikuwa imekwisha kufanyika na mimi ndiye niliyewanyima hewa mwishoni.

Kifaranga anapokaribia kutoka huhitaji hewa safi nyingi kuliko wakati wowote uliotangulia. Matundu yaache wazi, na kama chumba ni cha baridi, tibu chumba.

Unyevu nao una hesabu yake: asilimia 50 hadi 55 kwa siku 18 za mwanzo, kisha 65 hadi 70 kwa siku tatu za mwisho. Ukipungua mno, utando wa ndani hukauka na kumbana kifaranga. Ukizidi mno, yai halipotezi maji ya kutosha na kifaranga huzama humo humo. Yai zuri hupoteza kama asilimia 12 au 13 ya uzito wake kufikia siku ya 18, na chumba cha hewa kwenye ncha nene hukua vivyo hivyo. Kimulike kwa tochi na ukizungushie mstari wa penseli kila wiki. Mistari hiyo itakuambia kama uongeze sinia la maji au ulipunguze. Sisi wa nyanda kavu zenye upepo mara nyingi tunaongeza. Aliye Tanga au Pemba huenda akapunguza.

5. Geuza, kisha kaa kando

Yai lisilogeuzwa hukwamisha kiinitete kwenye utando wa ganda. Kama mashine yako haigeuzi yenyewe, chora alama ya X upande mmoja na O upande wa pili, ugeuze mara tatu au tano kwa siku. Idadi isiyogawanyika kwa mbili ina faida: usiku ule mrefu haukuti upande uleule kila mara. Siku ya 18 unaacha kugeuza, unafunga mfuniko.

Hapo ndipo udhaifu wangu ulipo. Wajukuu wakija, babu lazima awaonyeshe miujiza, na kila nilipofungua mfuniko unyevu ulitoroka. Mara moja niliona kifaranga ametoboa ganda akatulia, nikamhurumia, nikaanza kumbandua ganda kwa kucha. Damu ikatoka. Akafa mkononi, na wajukuu wanaangalia.

Baadaye nilielewa kwamba ule utulivu ni kazi. Kifaranga aliyetoboa ganda anaweza kukaa hata saa 24 kabla ya kutoka, akiivuta damu ya kwenye utando na kumalizia kuingiza kiini tumboni. Kiini hicho kinamlisha siku mbili hivi baada ya kutoka, ndiyo maana vifaranga wa siku moja husafirishwa mikoani bila chakula na hufika wazima. Kwa hiyo waache wakauke humo ndani. Wahenga walisema kuku havunji yai lake. Waliosema hivyo walikuwa wamemwangalia kuku kuliko mimi.

6. Mheshimu tetea

Bibi mmoja jirani yangu hakuwa na umeme wala mashine, na alikuwa akinishinda kwa vifaranga mwaka hadi mwaka. Nilikwenda kwake nikiwa na daftari.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Mwalimu. Mashine imeamkaje?"

Siri yake ilikuwa kuwapanga matetea waatamie pamoja. Tetea wa kwanza akianza kuatamia, aliyaondoa mayai yake na kumwachia mayai viza machache ya kumtuliza. Wa pili vivyo hivyo, na wa tatu. Mayai mazuri aliyahifadhi pembeni. Alipopata matetea wa kutosha, jioni moja aliwawekea wote mayai mapya, kati ya 10 na 15 kila mmoja kwa kadiri ya ukubwa wake. Viota alivitia majivu dhidi ya viroboto na utitiri. Baada ya siku 21 wote walitotoa kwa wakati mmoja, naye akawakabidhi vifaranga kwa matetea wachache, wengine wakarudi kutaga mapema.

Nilimuuliza anapimaje unyevu. Akanitazama kwa huruma. "Mwalimu, mayai hayafundishwi. Mtafutie tetea mahali patulivu, uondoke."

Mashine ninayo bado. Lakini ninaiona kama msaidizi wa tetea, na mfugaji anayeanza leo ningemshauri amjue tetea kwanza. Hagharimu umeme, hageuzi mayai kwa kubahatisha, na hakuna kipimajoto cha kumdanganya.

7. Nusu yao watakuwa majogoo

Kijijini tuliamini mayai marefu yenye ncha hutoa majogoo na ya mviringo hutoa matetea. Nilichagua ya mviringo kwa uangalifu mkubwa, nikapata kundi la majogoo waliokuwa wakiniamsha kwa zamu. Umbo la yai halisemi lolote. Kwa kuku, jinsia huamuliwa na mbegu ya mama, na kwa kawaida mgawanyo ni nusu kwa nusu. Panga mapema soko la majogoo, uache kupiga ramli kwa mayai.

8. Kutotoa ni mwanzo wa kazi

Nilipokuwa nimejifunza kupata vifaranga wengi, nikajifunza kuwapoteza wengi. Usiku mmoja wa baridi niliwawekea jiko la mkaa nikafunga mlango. Asubuhi niliwakuta wamelala, na hawakuamka. Mkaa kwenye chumba kilichofungwa hutoa gesi ya sumu isiyo na harufu, na ingeweza kuniua hata mimi. Chanzo chochote cha joto kinachowaka kinataka njia ya hewa.

Wiki ya kwanza bruda, yaani sehemu ya kulelea vifaranga kwa joto, iwe na nyuzi 33 hadi 35, kisha punguza kama nyuzi 3 kila wiki. Wasome vifaranga wenyewe: wakijikusanya na kulia wanasikia baridi, wakikimbilia pembeni midomo wazi joto limezidi, wakitawanyika wakila basi kaa kimya ufurahi. Bruda iwe ya mviringo, maana kwenye kona hurundikana na kukosa hewa. Chini weka maranda au pumba za mpunga. Karatasi tupu huteleza na kuharibu miguu.

Halafu kuna kideri. Kiangazi kimoja niliahirisha chanjo, nikisema nitachanja wakishakua wakubwa. Nikaona kinyesi cha kijani, shingo zikapinda, na banda likabaki tupu. Kideri hakina tiba, na kumchanja kuku aliyekwisha kuugua hakumwokoi. Chanjo ya I-2 inazalishwa hapa nchini, inavumilia joto la vijijini kuliko nyingi nyingine, na ni tone moja tu jichoni, likirudiwa kila baada ya miezi mitatu. Mwombe afisa mifugo wa kata yako akuandalie ratiba yake pamoja na ile ya gumboro na ndui.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla ya kuchukua mkopo wa mashine kubwa, mwatamishe tetea mmoja mayai ya banda lako mwenyewe na umwangalie siku zote 21. Nunua daftari na vipimajoto viwili. Hesabu gharama ya chanjo na chakula kabla ya kuhesabu vifaranga. Ukishaweza kuwafikisha vifaranga wa tetea huyo mmoja hadi ukubwani, nenda kanunue mashine, kubwa utakavyo.