Gharama na Fursa za Kupunguza Gesijoto Kajiado: Saruji, Upepo na Neno "Hewa"

Utangulizi

Anayesafiri kwa barabara ya Namanga kutoka Bisil kuelekea Kitengela huandamana na malori ya mawe ya chokaa yanayopelekwa katika viwanda vya saruji vya Athi River. Makala haya yanachunguza gharama na fursa zinazoikabili biashara katika eneo hili inapotakiwa kupunguza gesijoto, yaani gesi zinazozuia joto la dunia lisitoke angani. Yanashikilia kwamba fursa hizo hazitamfikia mfugaji iwapo lugha ya mikataba haitaeleweka.

Gharama

Saruji hutokana na klinka, nayo klinka hupatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa katika tanuri lenye joto la takriban nyuzi 1,450 za Selsiasi. Zaidi ya nusu ya hewa ukaa inayotoka humo haitokani na moto bali na jiwe lenyewe linapobadilika kikemia. Kwa hivyo, hata mwenye kiwanda akiacha makaa ya mawe, sehemu kubwa ya tatizo itasalia.

Njia iliyo karibu ni kupunguza klinka na kuongeza pozolana, ambayo ni mawe na majivu ya volkano. Njia hii hupunguza pia matumizi ya makaa ya mawe yanayoagizwa kutoka ng'ambo. Hata hivyo, saruji ya aina hii hukawia kupata nguvu katika siku za mwanzo. Mjenzi wa Kitengela anayetaka kubandua mbao za zege mapema huona amecheleweshwa. Ni dhahiri basi kwamba gharama haiishii langoni mwa kiwanda.

Fursa

Upande mwingine wa kaunti, si mbali na Kiserian, mradi wa Kipeto ulianza kuzalisha umeme wa upepo mwaka 2021, kwa mitambo 60 yenye uwezo wa megawati 100. Jamii ya wenyeji hunufaika kupitia amana yake, nao wenye ardhi hulipwa huku mifugo ikiendelea kulisha. Fursa hii nayo ina gharama zake: mradi umelazimika kuweka waangalizi wa ndege, na mitambo husimamishwa tumbusi wanapokaribia. Biashara inayokusudia kuhifadhi mazingira haina budi kulipia uhifadhi huo.

Suala la Lugha

Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 ilirekebishwa mwaka 2023 ili kusimamia masoko ya kaboni. Mradi unaotegemea ardhi hutakiwa kuipa jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, baada ya kutoa gharama za kuendesha shughuli. Uzito wote umo katika maneno hayo ya mwisho. Nani anazihesabu gharama hizo, na nani anazikagua? Asilimia 40 ya kidogo ni kidogo.

Aidha, biashara hii mara nyingi huitwa "biashara ya hewa ukaa". Katika Kiswahili cha leo, "mfanyakazi hewa" ni asiyekuwapo ila jina lake hulipwa mshahara. Mfugaji akiambiwa kwamba atauza hewa, ana haki ya kushuku. Anachouza hasa ni hati inayothibitisha kwamba kiasi fulani cha gesijoto kimepunguzwa au kimehifadhiwa udongoni, na kwa hati hiyo huenda akafunga matumizi ya malisho yake kwa miaka mingi.

Hitimisho

Tunapendekeza "gesijoto" litumike kwa gesi zote za aina hii, "hewa ukaa" kwa gesi hiyo moja tu, na "hati ya kaboni" kwa kinachouzwa. Mikataba nayo iandikwe kwa Kiswahili na Kimaa kabla ya kutiwa sahihi. Wanaisimu wa vyuo vyetu wana deni hapa, kwani mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lisilosomeka ni sawa na kutokuwa nalo.