Sungura na Simbilisi Kwenye Baridi ya Njombe

Mwezi wa saba mjini Njombe, mwenye banda la sungura akiamka hutazama nyasi kwanza. Zikiwa nyeupe, jalidi imeanguka usiku, na wanyama wake wamelala nje. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti baridi yake haina utani. Ukipanda kuelekea Makete na Kitulo inazidi kuuma.

Simbilisi wengi wa nyanda hizi hawakuwahi kuijua shida hiyo. Kwa desturi wanafugwa jikoni, wanakimbiakimbia karibu na mafiga, wanaokota majani yaliyoanguka, usiku wanalala pale majivu yalipo na vuguvugu. Taabu huanza mtu anapojenga banda zuri nje, la mbao na wavu wa waya, akawahamisha wanyama na joto akaliacha jikoni.

Mimi nilifanya hivyo. Sungura wangu wa kwanza alizaa usiku wa Juni juu ya waya mtupu, kwa sababu sanduku la kuzalia nilikuwa nimelipangia kesho yake. Watoto wa sungura huzaliwa bila manyoya na macho yamefumba. Asubuhi niliwakuta saba, wametawanyika, baridi kama kokoto za mtoni. Nilikuwa nawakusanya nikawazike, bibi wa jirani akapita.

“Kamwene, mwanangu. Hebu nipe huyo.”

Alichukua mmoja, akamfunga kwenye pindo la kanga, akamtia kifuani, akaketi kwenye kigoda. Hakumsugua wala hakumsogeza kwenye moto. Kama nusu saa ikapita, ndipo akanifunulia: mguu wa nyuma, mwembamba kama njiti ya kiberiti, ulikuwa unacheza. Tukawapasha wenzake vivyo hivyo. Wawili walipona. Watano niliwazika, na tangu siku ile sijawahi kuchelewesha sanduku.

Mimba ya sungura ni siku 31 hivi, kwa hiyo sanduku naliweka siku ya 28. Ni la mbao, urefu sentimita 40, upana 30, kimo 30. Mbele nimelikata likabaki kama sentimita 15, mama aruke kuingia lakini watoto wasitambae nje. Chini lina matundu madogo ya kuchuja mkojo. Ndani najaza nyasi kavu laini, nyingi kuliko unavyodhani zinatosha. Pumba za mbao sitii, vumbi lake linaingia puani. Mama mwenyewe hunyonyoa manyoya ya kifua na tumbo akawafunika. Kila asubuhi napenyeza mkono chini ya manyoya yale: kiota kizima kina joto kama mkate uliotoka kuokwa, na watoto wanarukaruka wakiguswa. Usishtuke ukimkuta mama hayuko nao. Huwanyonyesha mara moja au mbili tu kwa siku, dakika chache, kisha anaondoka.

Sungura mkubwa aliye mkavu huvumilia baridi kuliko joto la Dar es Salaam. Simbilisi ni dhaifu zaidi. Joto likishuka chini ya nyuzi 15 huanza kuteseka, japo asili yao ni milima ya Andes. Watoto wao huzaliwa na manyoya na macho wazi, lakini nao wanahitaji pa kujificha. Mimi nimewawekea kijumba cha mbao ndani ya banda, kimejaa nyasi kavu, wanabanana humo kundi zima.

Kinachowaua hasa ni unyevu na upepo. Miezi ya baridi upepo wetu hutoka kusini mashariki, na jua limeelemea kaskazini. Banda basi lipe upepo mgongo na uso wake uelekee kaskazini. Mgongoni nimepiga mbao mpaka chini, na pembeni nateremsha viroba jioni, navikunja asubuhi. Juu, chini ya bati, naacha upenyo wa viganja viwili.

Upenyo huo watu wengi huuziba, na hapo ndipo wanapokosea. Mkojo wa wanyama hawa hutoa amonia, hewa ikikosa pa kutokea inachoma mapafu, na nimonia inafuata. Inama mpaka usawa wa pua zao: ukisikia ukali, matandazo yameshalowa, yatoe yote leo. Jiko la mkaa usiliingize bandani hata usiku mmoja. Gesi yake haina harufu, na inaua wanyama wangali wamelala. Usiku wa jalidi natumia chupa ya maji ya moto, nimeifunga vizuri kwa kitambaa kizito, naiweka pembeni ili anayeona joto limezidi asogee. Asubuhi naikagua isije ikawa imetafunwa.

Chakula naongeza, maana mwili unaopambana na baridi unakula zaidi. Majani yenye umande nayaanika kwanza yanyauke, tumbo lisivimbe. Simbilisi hawawezi kujitengenezea vitamini C, kwa hiyo hata nyasi zikikauka lazima wapate majani mabichi kila siku. Sukuma wiki inafaa sana. Maji yakiganda, namwaga barafu na kuwapa ya uvuguvugu.

Simbilisi mzima akisikia majani yanakatwa hupiga miluzi. Akinyamaza, akajikunyata, manyoya yamesimama, au ukiona manyoya ya miguu ya mbele yamegandana kwa kufuta kamasi, mtenge na wenzake, muweke mahali pakavu, mwite bwana mifugo siku hiyohiyo. Akigoma kula, usingoje hata jioni.

Agosti ikiisha, naondoa kwanza viroba vya upande wa magharibi, siku chache baadaye vya mashariki. Mbao za mgongoni siziondoi.