Pointi za Florida na hela ya kahawa

SWALI

Mshauri, mimi ni mama mjane, naishi Kashozi. Mwanangu na mkewe wako Florida, Marekani. Walinunua kitu wanachokiita pointi kwenye hoteli ya Disney yenye twiga na pundamilia, na kila mwaka hupumzika huko. Sasa wanataka mimi na mdogo wangu twende mwakani, Desemba, tukae nao wiki nzima. Mwanangu ananiuliza nataka chumba cha Savanna, Standard au Value, studio au chenye chumba cha kulala peke yake. Anasema kwa Savanna pointi hazitoshi, ndugu tuchange aongeze nyingine, ziwe mali ya ukoo. Mdogo wangu yuko tayari kutoa hela yote ya kahawa, na wapo wanaosema tuuze kipande cha kibanja. Hizo pointi ni pesa, ni hisa, au ni kitu gani?

Mama wa Kashozi

JIBU

Shikamoo mama. Kibanja kisiuzwe. Nalitanguliza hilo ili hata kama barua hii itasomwa nusu kwenye kikao cha ukoo, wawe wamelisikia.

Pointi si pesa, na si hisa za kuleta gawio. Mpango huo unaitwa Disney Vacation Club, ulianza mwaka 1991. Mwanao amenunua haki ya kulala kwenye hoteli fulani kwa miaka iliyotajwa kwenye mkataba, na haki hiyo inapimwa kwa pointi. Kila mwaka anapewa idadi ileile. Akilala, zinakatwa. Mwaka unaofuata anapewa tena.

Kwa unavyoieleza, hoteli yenyewe ni Animal Kingdom Lodge, iliyo na majengo mawili, Jambo House na Kidani Village. Mkataba wa huko unakwisha Januari 2057, kama hati ya ardhi ya miaka 33 inavyofika ukomo. Siku hiyo ikifika, haki inarudi kwa mwenye hoteli, na wajukuu zako hawabaki na kitu cha kugawana. Kwa hiyo neno la "mali ya ukoo" mwanao alitumia kwa upendo, lakini halifai kutumika kwenye kikao.

Kuna na ada. Kila pointi inalipiwa ada ya matunzo kila mwaka, mtu asafiri asisafiri, na ada hizo hupanda. Mdogo wako akitoa hela ya kahawa ya msimu huu, pointi zitanunuliwa mara moja, lakini ada itadaiwa mwakani, na mwaka wa baadaye, hata ule ambao bei ya kahawa imeanguka. Nani atailipa? Mwanao, peke yake, kwa pointi ambazo nyote mtasema ni zenu. Ugomvi wa ndugu huanzia hapo.

Sasa vyumba, maana hapa ndipo mnaweza kuokoa fedha nyingi bila kununua chochote. Bei ya usiku mmoja kwa pointi inategemea msimu, ukubwa wa chumba, na dirisha linatazama wapi. Savanna ni chumba kinachotazama uwanda wa wanyama: unasimama kwenye baraza yako, twiga yuko chini. Standard hutazama bwawa la kuogelea au maegesho ya magari. Value viko Jambo House, ni vichache, ni vidogo kuliko vingine, na ndivyo vya bei ya chini kabisa.

Tuseme, kwa mfano tu, studio ya Value inakula pointi 10 kwa usiku na studio ya Savanna 15. Mwenye pointi 105 atalala usiku 10 kwenye Value na kubakiza 5, au usiku 7 kwenye Savanna. Akitaka Savanna yenye chumba cha kulala peke yake, ambayo hula karibu mara mbili ya studio, zitamfikisha usiku wa tatu tu. Pointi ni zilezile, na hakuna aliyeibiwa.

Wanyama wenyewe hawakutengewa wenye Savanna peke yao. Zipo sehemu za wazi ambazo mgeni wa chumba chochote anakwenda kuwatazama, mojawapo ikiitwa Arusha Rock. Kama magoti yako bado yana nguvu, chukua Standard, utembee asubuhi ukawaone. Kama kutembea ni shida, hapo Savanna ina maana kwako, na hata hivyo si lazima iwe wiki nzima: mwanao anaweza kukata usiku mbili za Savanna katikati ya juma, kisha mkahamia Standard. Usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi hula pointi zaidi ya siku nyingine, kwa hiyo mwambie akwepe siku hizo mbili.

Kuhusu ukubwa, mimi nakuambia usikubali studio. Studio ina friji ndogo na maikrowevu, haina jiko la kupikia. Ninyi ni watu wazima wanne, na wewe na mdogo wako hamtakula chakula cha mgahawa wiki nzima mkaridhika. Chenye chumba cha kulala kina jiko kamili, ndizi zitapikwa. Kama pointi haziruhusu siku saba humo, kaeni nne, halafu mrudi nyumbani kwa mwanao. Kwani hukwenda kumwona yeye?

Desemba pia iangaliwe upya. Wiki ya Krismasi ni kati ya zinazokula pointi nyingi kuliko zote. Na tuseme ukweli, Desemba ni mwezi ambao watoto wa Kagera hurudi nyumbani, senene zikiwapo. Ni vigumu kuelewa kwa nini mama ndiye aondoke. Septemba ndio mwezi wa bei ya chini kabisa ya pointi. Kuna joto, na ni majira ya vimbunga Florida, hilo mlijue, lakini tofauti ya pointi peke yake inaweza kufuta haja ya mchango.

Mwanao ana njia nyingine mbili. Anaweza kusogeza pointi za mwaka huu ziingie mwaka ujao, mradi afanye hivyo ndani ya miezi minane ya kwanza ya mwaka wake wa pointi. Anaweza pia kukopa za mwaka unaofuata. Ya kusogeza naiunga mkono. Ya kukopa isubiri hadi viza yako na ya mdogo wako ziko mkononi, kwa sababu masharti ya viza hubadilika, na akivunja nafasi zikiwa zimebaki siku 30 au pungufu, pointi hizo zinafungiwa: atazitumia tu kwa safari iliyo ndani ya siku 60 tangu siku ya kuweka nafasi. Anzeni na ubalozi wa Marekani Dar es Salaam, hoteli baadaye. Nafasi zenyewe hufunguliwa miezi 11 kabla kwa wenye pointi za hoteli hiyo, na miezi 7 kwa wenye pointi za hoteli nyingine za mpango huo. Value huisha mapema sana, kwa hiyo muulize pointi zake ni za hoteli ipi.

Akiwa amekwisha kutia saini kununua za ziada, asikate tamaa: sheria ya Florida inampa siku 10 za kuvunja mkataba kwa maandishi na kurudishiwa fedha zake. Apige hesabu ya tarehe leo, kabla hajakupigia simu tena.