Somo: Turekebishe kazi kabla ya kulaumu mtu



Siku moja katika ugawaji wa unga, mama mmoja alipanga mstari tangu asubuhi. Saa tisa akaambiwa: "Jina lako halipo." Vijana wakapaza sauti kwamba kamati inapendelea watu wa kabila lake, na mawe yakaanza kurushwa. Kesho yake tulikaa na pande zote, tukaulizana "kwa nini?" mara tano, kama wafanyavyo wafanyakazi wa Toyota kule Japani.

Kwa nini mama hakupata? Jina halipo. Kwa nini? Orodha ni ya zamani. Kwa nini? Waliofika karibuni wako katika daftari lingine. Kwa nini? Kila mkuu wa bloku anaandika lake. Kwa nini? Hatukupanga siku ya kuyaunganisha.

Hatukumkuta mwizi. Tulikuta utaratibu mbaya.

Mmarekani W. Edwards Deming, aliyefundisha wakubwa wa viwanda Japani mwaka 1950, alisema makosa mengi hutoka katika utaratibu wa kazi, si kwa mfanyakazi mmoja. Mafundisho yake yanajulikana kwa hatua nne:

1. Kupanga. Chagueni tatizo moja, mtafute shina lake.

2. Kujaribu. Anzeni na bloku moja. Kwa mfano, unganisheni madaftari na kusoma majina mbele ya watu siku tatu kabla ya ugawaji.

3. Kupima. Hesabuni malalamiko na saa za kungoja, kabla na baada ya jaribio. Waulizeni pia wajane, wazee, walemavu na wenyeji waliotupokea.

4. Kuamua. Jaribio likifaa, lipelekeni katika bloku zote. Lisipofaa, libadilisheni, mwanze tena.

Angalisho: hesabu hizi si fimbo ya kumpigia mtu. Watu wakiogopa adhabu, wataficha makosa. Lakini wizi ukithibitika, usifunikwe; upelekwe kwa wanaohusika.

Njia hii haidai mashine wala pesa nyingi. Inadai daftari, kalamu na moyo wa kusikilizana. Orodha iliyo wazi huondoa uvumi, na uvumi ndio kuni za ugomvi.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi:
– Ni kazi gani hapa kwetu inaleta manung'uniko kila mara?
– Tukiuliza "kwa nini?" mara tano, tunafika wapi?
– Nani atapima, na lini atatuletea jibu?