MAFUTA YA BREKI: SOMO KWA VIJANA WA MBIO ZA MAGARI

Wako vijana wetu wanaotengeneza gari kuukuu na kwenda kushindana wikendi. Injini wanaijali sana, breki wanazisahau. Tujifunze pamoja.

Kwa nini breki hupotea?
Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani. Dereva akikanyaga breki mara kwa mara, joto hupanda na maji hayo hugeuka mvuke. Mafuta hayabonyei, mvuke unabonyea. Basi pedali inazama hadi chini na gari halisimami.

Tuchague yapi?
Tusome mkebe. Kiwango cha chini cha kuchemka, yakiwa mapya na yakishanyonya maji, ni hivi:
DOT 3: nyuzi 205 na 140.
DOT 4: 230 na 155.
DOT 5.1: 260 na 180.
Kwa mbio, tuchukue DOT 4 au 5.1. DOT 5 ni ya silikoni, tusiichanganye na hizo.

Tubadilishe vipi?
1. Tununue mkebe uliofungwa. Uliokaa wazi haufai.
2. Mmoja akanyage pedali, mwenzake afungue skrubu ya kutoa hewa kwenye gurudumu, aifunge kabla mguu haujainuka.
3. Tuzidi kuongeza mafuta juu, yasiishe hewa ikaingia.
4. Turudie kila gurudumu mpaka yatoke safi, bila mapovu.

Gari la mbio libadilishiwe kila mwaka au mapema zaidi.

Jadilianeni: Pikapu ya kikundi inayoteremsha watu na mazao mlimani, mafuta yake yalibadilishwa lini? Nani aliandika?