Tumtunze na Anayetunza

Tunapokwenda kumjulia hali mzee aliyelala kitandani, desturi yetu ni kumsalimu, kusali, na kuacha kipande cha sabuni. Ni vema. Lakini ni nani kati yetu humwuliza binti au mkwe anayemwuguza, "Na wewe, umelala?"

Tuifikirie kazi yake. Mzee asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana, asije akapata vidonda vya kulalia. Huogeshwa, hulishwa, hubadilishwa nguo. Afanyaye hayo peke yake huumwa mgongo, hukosa usingizi, huacha shamba lake, na mwisho huwa mkali kwa yule yule ampendaye. Mara nyingi ukali huo si moyo mbaya, ni uchovu.

Katika Kutoka 18, Yethro alimwona Musa akiwaamulia watu tangu asubuhi hata jioni. Hakumsifu kwa kujichosha, bali alimshauri agawe mzigo.

Basi na tutende hivi. Kwanza, ndugu wakae kikao, wagawane zamu na gharama. Atumaye fedha kutoka mjini asidhani amemaliza. Pili, kila mtaa uteue watu wa kukaa na mzee saa chache, kwa siku maalumu, ili mwuguzaji apumzike. Tatu, tumwulize mwenyewe anahitaji nini.

Maswali ya kujadili: Mtaani kwetu ni nani anayeuguza peke yake? Zamu ya kwanza ni ya nani?