Stempu za Malkia: Soma Herufi

Leo tutazame stempu za kawaida za Uingereza, zile zenye kichwa cha Malkia Elizabeth wa Pili alichokichonga Arnold Machin. Zilianza kutolewa tarehe 5 Juni 1967. Jina la nchi halimo. Waingereza ndio walioanzisha stempu mwaka 1840, hawakuona haja ya kujitaja!

Malkia alifariki mwaka 2022, na miaka yote hiyo kichwa ni kile kile. Basi mkusanyaji ataijuaje ya zamani? Asome herufi. Penye D, kama 4D, ni peni za zamani, 12 kwa shilingi. Penye P ni peni mpya, 100 kwa pauni. Fedha ilibadilishwa tarehe 15 Februari 1971. Lakini nyingi ni za bei ndogo. Anayekuambia ni utajiri, mwulize mbona yeye anauza.

Usibandue kwa kucha. Sisi tulifanya hivyo, meno ya stempu yakakatika, thamani kwisha. Ile ya kulamba iloweke katika maji ya uvuguvugu mpaka iteleze yenyewe. Ile inayojibandika bila kulambwa, kata bahasha kuizunguka.

Zoezi: Una 5D na 5P. Ipi ni ya fedha ya zamani?